Kila Groupe Ikiwaka, Umutesi Anarudi

— Nimemutoa! Na mukono yangu mwenyewe nimemutoa, juzi, na jana tena, Guy alikuwa pale, muulize! Leo asubui nafungua mashine, namukuta tena! Amekaa mule ndani sawa vile iko kwake!

— Mujomba, mi sijue.

— Hujue? We njo uliandika ile kintu yote, alafu hujue?

Placide akapiga meza na kiganja, souris, kile kipanya ya mashine, ikaruka. Néhémie akairudisha fasi yake. Placide akapiga tena, ikaruka tena. Guy, mwenye kukaaka kwenye ordinateur ingine, kompyuta ya pili, pembeni ya dirisha, alikuwa ameinama karibu pua iguse écran, kioo ya mashine, sawa muntu anatafuta sindano mule, juu hakutaka bamuite shahidi.

— Sauti chini basi, mujomba. Bamama bako njee.

— Basikie! Basikie vile mutoto ya dada yangu ananichezea!

Na kweli bamama balikuwa njee, bamekaa kwenye banc, na bakarte yabo mukononi, bengine na batoto ku mugongo. Balikuwa bamenyamaza kabisa, ile kunyamaza ya muntu anataka kusikia muzuri.

Sasa, juu mambo ieleweke, lazima kwanza kujua ile bureau. Ni mutuelle ya afya, batu banachanga franga juu ya matibabu, hapa Baraka, na Placide njo anaiongozaka. Mama mwenye karte ya mutuelle akifika ku centre de santé na mutoto mugonjwa, banamupokea bila maneno mingi. Ila centre lazima ione kama jina yake iko. Na majina yote iko mule mashine moya tu, hapa bureau. Zamani infirmier, muuguzi ya centre ya Lubondja, alikuwa anatuma motari, muntu ya pikipiki, na karatasi, motari anakwama ku matope, mutoto anabakia pale kwenye banc anaungua na homa, anangoja jibu ya karatasi.

Njo Néhémie akatokea. Alikuwa amemaliza école, diplôme ya État iko mu sachet chini ya godoro, kazi hakuna. Na Néhémie si muntu ya kukaa fasi moya. Alikuwa anatembea toka soko mupaka ku ziwa, toka ku ziwa mupaka soko, anafungua batelefone ya batu, anafunga, anaharibu moya, anatengeneza mbili. Mama yake akachoka. Akamupeleka kwa kaka yake Placide: umupatie kintu ya kufanya, ataniua mimi huyu. Placide akamupatia bale ba ordinateur. Na akamuahidi: ukifanya muzuri, mwaka kesho nakutuma Bukavu kwa ndugu yangu Jacques, utalala kwake, utasoma informatique. Néhémie alikuwa ameshaanza kujiona kule Bukavu, na sac ku mugongo, anapanda ile milima.

Akajenga kilalo, sawa daraja, lakini mule mashine. Benye kazi ile banaitaka passerelle, lakini ni kilalo tu. Infirmier ya Lubondja anashika telefone yake, anaandika jina na code, anapita, na pale pale anajikuta mule mashine ya Baraka. Anaona écran yake, anaigusa, anatafuta jina ya mama, sawa vile amekaa kwenye kiti ya Guy. Yule ya Lweba vilevile. Batu ya Ubwari bakafurahi kupita bote, juu kule njia ni bateau tu, na ziwa ikikasirika hakuna karatasi inavuka.

Shida ilikuwa groupe. Mutuelle na chorale, kwaya ya kanisa, baliunganaka kununua groupe électrogène moya, mashine ya kutoa courant. Placide ni shemasi, na muke yake Adolphine, Mama Tania, njo anaongozaka chorale. Basi chorale ikitaka kurudilia nyimbo, kuzizoeza, banakuya banabeba groupe, saa yoyote, bila kuomba, juu groupe ni ya Mungu kwanza, mutuelle inafuata. Mashine inakufa bila kuaga. Ikiwaka tena, kila programme mule ndani imevurugika: hii inakataa, hii inalia, ingine imesahau jina yake. Néhémie alikuwa anatengeneza kilalo asubui, chorale inaivunja muchana, anatengeneza tena.

Akachoka. Akasema: sasa itajijenga yenyewe.

Akakata kazi ile vipande, kila programme akaifungia mule conteneur yake. Alipoanza kuelezea, Guy akauliza conteneur namna hii itapita mulango gani, ye anajua tu zile za kwenye camion. Néhémie akaacha ile jina, akachukua bidon za maji.

— Angalieni. Bidon hii ni kilalo. Hii ni yenye kuuliza code. Hii iko na majina ya bale benye ruhusa. Bidon ikipasuka, siishone. Natupa, nachukua mupya, najaza maji ile ile. Umeelewa?

— Na nani atakuwa anajaza kila siku?

— Hakuna muntu. Nimeandika amri. Courant ikirudi tu, mashine inasoma amri toka juu mupaka chini: inatupa bidon zote za jana, inaleta mupya, inajaza, inafungua kilalo. We unakuya unakuta imeshamaliza.

Siku ya kwanza, bakawasha groupe, bakasimama bote mbele ya écran. Mistari ikashuka, ikashuka, alafu kilalo ikafunguka, hakuna muntu aliyegusa kintu. Guy akasema hii ni uchawi ya diplôme. Placide akamukumbatia Néhémie mbele ya batu, akamuambia «mutoto yangu».

Sasa sikia vile alikuwa anamuita.

— Muyaya we! Kichwa ngumu! Unajua nani alikuya hapa asubui? Unajua?

— Guy ameniambia.

— Bajeune ya quartier, bale bavijana, bamekuya tena! Bamesimama pale, pale we umesimama! «Papa shemasi, huyu muntu ya kule juu anafanya nini na majina ya bamama yetu? Anazipeleka kwa nani?» Nikabajibu: nimemutoa. Juu nilikuwa nimemutoa! Moya yabo akasema, basi fungua tuone. Nafungua… Umutesi! Na kile kialama ya kijani pembeni ya jina, maana iko anafanya kazi!

— Ilikuwa inang'aa sawa majani ya sombe mubichi, Guy akasema, bila kugeuka.

— Guy!

— Nimenyamaza, Papa Tania.

Huyu Umutesi, basi. Alikuwa wa kwanza kufanya kazi kwenye ile mutuelle, mbele ya Guy. Jamaa yake ni ya kule juu ku milima, benye bangombe. Majina mingi yenye iko mule mashine, ye njo aliiandika, kijiji kwa kijiji, anabauliza bamama pole pole, anacheka nabo. Alafu mambo ikaharibika katikati ya batu ya hapa na bale ba kule juu. Batu bakaanza kuangaliana na macho ingine, ku soko, ku fontaine ya maji, hata ku kanisa. Baba yake, muzee Sebineza, akakusanya jamaa, bakaenda mupaka Bujumbura, ngambo ya ziwa. Umutesi hakuacha kazi. Kule Bujumbura anashika telefone, anapita kilalo, anaandika majina mupya. Na mwenye kumufungulia njia alikuwa Néhémie. Alikuwa ameandika jina yake mule amri, chini ya ile ya Guy, siku ile ile ya kwanza, na Placide alikuwa anaona, na Placide akasema muzuri.

— Ni we unamurudisha, Placide akasema. Sasa sauti ilikuwa imeshuka, na ile njo ilikuwa mubaya zaidi. Unaamka, unanikuta nimemutoa, unamurudisha. Unanifanya muongo mbele ya batu yenye inaweza kuchoma hii nyumba. Unajua kuchoma we? Umeshaona? Mi niliona, nikiwa na miaka yako. Haibakie hata misumari.

— Mujomba, naapa…

— Usiape hapa!

Néhémie akarudisha souris tena fasi yake. Kweli hakumurudisha. Na kile kilikuwa kinamuuma, ni hiki: Guy alikuwa amemunongonezea tangu mwanzo wa wiki, «mukubwa anataka kumutoa Umutesi», na Néhémie akajibu «aa, si mambo yangu». Akawaza Bukavu. Akawaza kitanda ya Jacques. Akaenda kunywa chai ku soko. Sasa anagombezwa juu ya kintu angepaswa kufanya na hakuifanya.

Mulango ikasukumwa. Ile mulango ya tôle, bati tu, imepindama chini, lazima uisukume na mabega. Akaingia Mama Tania, na kitambaa ya chorale ku kichwa.

— Eeh! Munapigana hapa sawa benye kuuzisha ndagala ku soko? Nasikia sauti yenu toka ku barabara. Mi nimekuya kubeba groupe.

— Si sasa, Placide akasema.

— Si sasa namna gani? Sauti ya pili bado inaimba sawa mbuzi, na tuko na ibada kule Lweba. Jana tulirudilia kidogo tu, juzi kidogo tu…

Néhémie akageuka.

— Mama Tania. Jana mulibeba groupe?

— Si unaniona kila siku? Tulibeba, tukarudisha jioni.

— Na juzi?

— Na juzi. Juu ya nini? Tumeharibu kintu?

Néhémie akakaa chini. Akaweka mukono ku mudomo. Akaanza kucheka, lakini cheko yenyewe haikuwa na furaha hata kidogo.

— Mujomba, ni we.

— Ni mi nini?

— Ni we unamurudisha. Kuya uone.

Placide hakutaka kukuya. Alikuya hata hivi. Néhémie akafungua ukurasa ya majina, Umutesi alikuwa pale, kijani.

— Mutoe.

— Unanitania?

— Mutoe, mujomba, sawa vile ulifanya jana.

Placide akashika souris, kidole imekauka. Akabonyeza. Jina ikatoka.

— Ametoka?

— Ametoka.

Néhémie akaenda nyuma ya bureau kwenye groupe, akaizima. Écran ikakuwa nyeusi. Njee mutoto moya akaanza kulia, mama yake akamutuliza haraka, juu hakutaka kukosa neno. Néhémie akangoja kidogo, akavuta kamba, groupe ikakohoa, ikawaka. Akarudi. Bote bane bakasimama mbele ya mashine, hata Guy, aliacha kutafuta sindano yake.

Mistari ikaanza kushuka. Bidon za zamani zikatupwa. Bidon mupya zikakuya. Ya kilalo. Ya code. Ya majina. Néhémie akafungua ukurasa.

Umutesi.

— Mungu yangu, Mama Tania akasema.

— We unamutoa mule bidon, Néhémie akasema. Lakini mi niliandika jina yake mule amri. Chorale inabeba groupe, mashine inakufa, groupe inarudi, amri inajaza bidon mupya, na Umutesi anarudi nayo. Kila siku. Hakuna muntu anamurudisha. Ni we unamutoa, na ni we unapeleka groupe ku chorale.

Guy akapuliza pua, karibu acheke, akakumbuka iko wapi.

Placide alikuwa anaangalia ile jina. Hasira ilikuwa imetoka ku uso, na kile kilibakia kilikuwa sawa kuchoka.

— Basi mutoe mule amri.

Néhémie akatia mikono mu mufuko.

— Nasema mutoe kule kwenye anatokea. Leo jioni bale bajeune banarudi kuangalia.

Njo wakati ile kialama pembeni ya jina ikawa kijani. Kule Bujumbura, Umutesi alikuwa amepita kilalo. Bakaona mushale ya souris inatembea yenyewe ku écran, hakuna mukono juu ya souris. Mama Tania akarudi nyuma hatua moya. Souris ikafungua kitabu ya majina ya Lweba, ikangoja, alafu ikafungua ukurasa mweupe, na herufi zikaanza kutokea, moya moya, sawa muntu anaandika na kidole moya ku telefone.

*Néhémie uko hapo?*

Hakuna muntu aligusa clavier, kile kibao ya herufi.

*Najua uko. Kilalo imewaka sasa hivi. Usijibu kama bako karibu na we.*

— Soma kwa sauti, Mama Tania akasema. Mi sina miwani.

Guy akasoma. Ni ye akasoma, juu Néhémie hakuweza.

*Najua bananitoa. Kila jioni nakuta njia imefungwa, asubui imefunguka. Nikamuambia papa, ni Néhémie. Bananitoa, ye ananirudisha, kimya kimya, hataki hata aksanti. Papa alilia kidogo. Akasema yule mutoto ni ya kwetu.*

Guy akamuangalia Néhémie, akaendelea.

*Papa anamusalimia mujomba yako Placide na Mama Tania. Anauliza kama bado banakumbuka Bihogo. Sasa niache nifanye kazi, bamama ya Lweba iko mingi.*

Ukurasa mweupe ikafungwa. Kitabu ya Lweba ikarudi. Herufi zikaanza kujaza: jina, kijiji, batoto.

Bihogo ni ngombe. Néhémie alikuwa anaijua ile hadisi toka utoto, mu jamaa yabo hakuna asiyeijua. Placide alipotaka kuoa Adolphine, jamaa ya Adolphine bakaomba ngombe ndani ya mahari. Na Placide ni mutoto ya ziwa, kwabo ni nyavu na samaki, ngombe atatoa wapi? Sebineza, mwenye kuleta maziwa kwa baba ya Placide, akasikia. Akapanda kule juu, akashuka na ngombe mwekundu, miguu yake mwenyewe, njia yote ya Lubondja, mvua inamupiga. Akaifunga mbele ya mulango ya baba ya Adolphine. Bakamuuliza unataka nini sasa. Akasema kwetu muntu hauzishie ndugu yake ngombe. Toka siku ile Placide alikuwa anamuita ndugu, na Tania alipozaliwa, Sebineza alikuya kumushika mbele ya bajomba.

Mama Tania alikuwa ameshika kitambaa yake ya kichwa, anaivuta mbele, anaivuta nyuma.

— Mujomba, Néhémie akasema. Umesikia.

— Nimesikia! Unafikiri sina masikio? Unafikiri mi nafurahi? Umutesi nilimubeba huyu, mukononi hapa! Lakini Umutesi iko Bujumbura, na bale batu bako hapa, kwenye quartier yangu. Baking'oa hii bureau, ni nani atapata dawa? Umutesi? Bamama bale njee! Nitachagua nini? Niambie we mwenye akili. Niambie!

Néhémie akaangalia mulango, kule bamama bako. Haikuwa maneno ya muntu mubaya. Angekuwa muntu mubaya ingekuwa rahisi.

— Baambie ukweli, akasema mwisho. Baambie ye njo aliandika bamama yabo. Bakae hapa bamuone vile anafanya kazi.

Placide akamuangalia sawa vile unaangalia mutoto anaomba umunyakulie mwezi.

— Mama Tania, Placide akasema. Sema na we kintu.

Bote bakamugeukia Mama Tania. Herufi kwenye écran zilikuwa zinaendelea tu.

— Mi? Mi nitasema nini? Sauti yake ikawa ndogo, sauti ya muntu mwingine, si ile inapigia chorale kelele. Papa Tania… kama utamutoa, usimutoe mbele yangu. Ngoja nitoke kwanza.

Akafungua mulango. Guy akamuuliza, na groupe? Akasema leo tutaimba bila groupe. Bakasikia bamama njee banamusalimia, na ye hakujibu hata moya.

Placide akakaa kwenye kiti. Akafuta jasho na kiganja.

— Néhémie. Toa ile jina. Tunamaliza, tunanyamaza, mwaka kesho unaenda Bukavu. Nitamuandikia Jacques leo leo.

— Na nisipotoa?

— Kama haitoke, na we utatoka. Siwezi kukaa na muntu mu nyumba moya, ananikatalia mbele ya batu. Hata kama ni damu yangu.

Néhémie akaangalia ile écran. *Yule mutoto ni ya kwetu.* Ilikuwa inamuunguza kupita kelele yote ya mujomba. Muntu kule ngambo amelia juu ya wema yake, na ile wema ilikuwa ya mashine tu. Ye alikuwa anakunywa chai. Angeandika pale, «si mimi», ingekuwa ukweli. Lakini ukweli ile ingemusaidia nani?

Akavuta clavier. Placide akafumba macho kidogo, sawa muntu anangoja sindano.

Néhémie akafungua amri. Akashuka mupaka fasi ya majina. Yake njo ilikuwa juu ya yote, juu ye njo aliandika ile kintu. Alafu ya Placide, alafu ya Guy, alafu ya Umutesi, alafu ba infirmier. Akaweka kidole. Akafuta. Akahifadhi. Akasimama.

— Imetoka? Placide akauliza, bado hajafungua macho muzuri.

— Imetoka moya.

Guy ndiye alikuwa wa kwanza kuona.

— Eh! Néhémie! Umefuta yako!

— Yangu.

— We iko kichaa? Na mashine ikiharibika nani ataingia kuitengeneza?

— Haiharibike. Inajitengeneza. Njo vile niliiandika.

Placide akasimama, kiti ikaanguka nyuma yake.

— Hii ni nini? Ni teatri? Nimekuambia utoe ya Umutesi!

— Ya Umutesi hii hapa, mujomba. Chini ya Guy. Unaweka kidole pale, unafuta, unahifadhi. Haiko ngumu. Hata chorale haiwezi kumurudisha tena. Lakini kidole ni yako. Mi sina tena yangu mule.

— Mutoto bila heshima! Nilikulisha hapa! Mama yako nitamuambia nini?

— Muambie nimekataa. Utakuwa umesema kweli.

— Na Bukavu?

Ile ikamupiga Néhémie kweli. Akaona ile milima, akaona sac, na mugongo yenye kuibeba haikuwa tena yake.

— Utamusalimia Jacques, akasema.

Akatoa ufunguo ya bureau mu mufuko, akaiweka juu ya meza pembeni ya souris. Guy akanyoosha mukono sawa anataka kumushika, alafu akaurudisha, akajifanya kuangalia écran. Kule ndani Umutesi alikuwa amefika kwa mama moya mwenye batoto mingi, alikuwa anaandika, anakosea, anafuta, anaandika tena.

— Ukitoka hapa, Placide akasema, hutarudi.

— Ndiyo, mujomba.

Placide akageukia mashine. Alikuwa amesimama mbele ya clavier, mikono inaning'inia, kidole ya kuume inasugua kidole gumba, inasugua, inasugua. Anaangalia ile mustari chini ya Guy. Néhémie akangoja kidogo aone kama ataigusa. Alafu akaona hakutaka kuona.

Akatoka. Bamama ya kwenye banc bakageuza macho ku ziwa bote mara moya. Akavuta mulango ile ya tôle. Ikakataa kufunga, sawa kila siku. Akairudilia, akaivuta na mikono mbili mupaka ikafunga.